Jinsi ya Kuandika Hadithi ya Upelelezi ya Ustadh na Padri Kwenye Kituo cha Anga

Hadithi za anga kwa Kiswahili bado ni chache, na zile zenye kiongozi wa dini ndani yake ni chache zaidi. Akiwemo, mara nyingi amewekwa pale awe na busara tu. Anakaa pembeni, anatoa nasaha, halafu mwishoni anamnyooshea mtu kidole na kusema huyu ndiye muuaji. Mvue kanzu, mvishe sare ya polisi, na hadithi itabaki vile vile. Huyo si ustadh wala padri.

Kiongozi wa dini anafaa kuwa mpelelezi kwa sababu mbili zinazovutana. Kazi yake inamfikisha mahali ambapo nahodha na daktari hawafiki, na amana yake inamzuia kusema aliyoyaona huko. Ukiushika mvutano huo, fumbo lako linajiandika lenyewe. Ukiuachia, hata uwe na vyombo vya anga vya kila aina, utabaki na hadithi ya polisi angani.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuna Ustadh Athman, mzaliwa wa Kibokoni. Kuna Padri Kazungu, Mkatoliki, mtu wa Rabai. Kuna Bi Zuhura, daktari wa kituo. Na kuna Fundi Shebe, ambaye amekutwa amekufa kwenye kijumba chake cha kulala. Wewe badilisha majina na makabila upendavyo.

Hatua ya kwanza: kiweke kituo mbali, na uufanyie umbali huo hesabu

Kituo cha Kimataifa cha Anga kinaizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 400 hivi. Kutoka Mombasa, Nairobi kwa barabara ni mbali kuliko hapo. Chombo cha Soyuz, kile cha Warusi cha kubeba wanaanga, kikishabanduka kutoka kituoni, huchukua kama saa tatu na nusu kutua. Mtu akiuawa pale, maiti, mashahidi na mshukiwa wote wanaweza kuwa ardhini kabla ya jua kuzama. Kwa hadithi yetu hapo ni karibu mno.

Nakushauri ukipeleke kituo chako kwenye mzingo wa sayari ya Mirihi. Huko mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea Mirihi na dunia zimekaaje, na jibu huchukua muda kama huo kurudi. Hakuna mazungumzo ya simu. Kuna barua tu. Halafu, kila baada ya miezi 26 hivi, jua huingia katikati ya sayari hizo mbili, na kwa takriban wiki mbili wahandisi huacha kutuma maagizo kwa vyombo vilivyoko huko kwa sababu jua huvuruga mawasiliano. Wiki mbili hizo zichukue. Shebe afe siku moja kabla ya ukimya kuanza, na mawasiliano yatakaporudi kumbukumbu rasmi za kituo zitumwe Mombasa zikiwa na kweli au uongo ndani yake. Hapo umepata mlango uliofungwa na saa inayohesabu, bila kubuni dhoruba wala mtambo ulioharibika ghafla.

Ukitaka kujua watu huwa vipi wakifungiwa mahali pamoja muda mrefu, nenda Fort Jesus na usome habari za mwaka 1696. Waomani waliizingira ngome ile kwa karibu miaka mitatu, hadi Desemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno na Waswahili waliowaunga mkono, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Meli za msaada zilipofika, bendera ya Oman ilikuwa tayari inapepea juu ya ukuta. Pita pole pole kwenye vile vyumba. Piga picha visima na matangi ya maji. Jiulize nani alikuwa akigawa maji, nani aliamini kwamba amepunjwa, na nani alikuwa akizika. Maswali hayo hayo yapeleke kituoni.

Na usiingiwe na wasiwasi kwamba anga ni mambo ya watu wengine. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya Kenya. Roketi zimeruka kutoka pwani yetu hii. Mhusika wako anaweza kuwa na babu aliyekuwa akipeleka vyakula jukwaani kwa mashua, na msomaji hataona ajabu yoyote.

Hatua ya pili: mpe kiongozi wako kazi ya pili

Kwenye kituo kidogo hakuna anayelishwa kwa kuhubiri peke yake. Hapa kwetu pia imamu wengi wana duka, wanafundisha, au ni mafundi. Georges Lemaître, mmoja wa waliotangulia kueleza kwamba ulimwengu unatanuka na kwamba ulikuwa na mwanzo, alikuwa padri na mwanafizikia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Ustadh Athman awe msimamizi wa maji. Padri Kazungu atunze bustani ya mboga, na hakikisha ni bustani ya udongo, si ya maji peke yake. Tutauhitaji udongo huo.

Kazi ya pili haipo kwa pambo. Msimamizi wa maji anajua lita ngapi zimetumika, na chumba gani. Mtunza bustani anajua hewa imekuwaje, maana mimea hutumia kabonidioksidi na yeye anaifuatilia kila siku. Kila mmoja ana nusu ya ushahidi kabla hata maiti haijapatikana, na hakuna anayejua kwamba ni ushahidi.

Ibada zenyewe usizibuni kutoka kichwani, kwa sababu mambo haya yameshafanyika. Mwaka 2007 Malaysia ilimpeleka angani Sheikh Muszaphar Shukor, na wanazuoni wa nchi yake wakatoa mwongozo rasmi wa ibada. Nyakati za swala zifuate mahali roketi iliporukia. Kibla, yaani uelekeo wa kuswali, kiwe Kaaba ikiwezekana, ikishindikana uelekeo wa juu ya Kaaba, ikishindikana dunia yenyewe, ikishindikana popote. Kwa upande wa Wakristo, Buzz Aldrin alishiriki meza ya Bwana mwezini Julai 1969, na mwanaanga Mkatoliki Mike Hopkins alipanda kituoni mwaka 2013 akiwa na ekaristi iliyokwisha kuwekwa wakfu. Ukiwa Mirihi, agizo la tatu au la nne la kibla ndilo litakalokuwa la kawaida, na dunia itakuwa nukta ya mwanga tu. Andika jinsi jamaa ya waswalio inavyokubaliana ielekee wapi. Na yule ambaye siku moja anaelekea kwingine, mtazame.

Hatua ya tatu: jifunze vitu vinavyofanya bila uzito

Sehemu hii waandishi wengi huirukia haraka, nami sitaichelewesha sana, ila mambo manne lazima uyajue.

Maji hayadondoki. Hung'ang'ania ngozi, hutambaa, na yakiachana nayo huwa matone yanayoelea. Damu nayo vivyo hivyo, kwa hiyo usiandike michirizi ukutani inayoelekea chini. Hakuna chini.

Moto wa mshumaa huwa duara dogo la buluu, kwa sababu hewa ya moto haipandi juu. Lakini moto wa kweli kituoni ni balaa. Februari 1997 mtungi wa kutoa oksijeni uliwaka kwenye kituo cha Warusi cha Mir, na moshi ukajaa kila mahali. Basi chetezo sahau, cha udi na cha kanisani pia. Mtu atakayefukiza udi kwenye kituo chako ataamsha ving'ora vyote, na huenda ndicho alichokusudia, ili watu wakimbilie upande mmoja. Kifukizo nakipenda sana kama chambo: Padri atashukiwa kwanza, Ustadh wa pili, na mwenye hatia ni mtu mwingine kabisa.

Tundu dogo ni jambo kubwa. Agosti 2018 hewa ilianza kupungua kwenye Kituo cha Kimataifa, wakagundua tundu la milimita 2 kwenye chombo cha Soyuz kilichokuwa kimetia nanga pale. Wakaliziba kwa gundi nzito. Kila kituo kina gundi hiyo, na wengi wanajua ilipo.

La nne ndilo lililomuua Shebe. Bila uzito, pumzi unayotoa haipandi wala haishuki. Inakaa pale pale usoni. Wanaanga hulala karibu na mkondo wa feni, kwa sababu feni ikisimama, kabonidioksidi yao wenyewe inaweza kuwakusanyikia. Kwanza kichwa kinauma. Sasa ziba kijumba kizima kwa gundi, zima feni, na usubiri. Hakuna kisu wala sumu. Bi Zuhura atatazama macho, atasikiliza kifua, atakuta feni imekufa, naye ataandika kwa nia njema kabisa kwamba ni ajali.

Hatua ya nne: peleka maiti kwa mwoshaji

Hapa ndipo nataka ukae sana. Kwenye hadithi nyingi za upelelezi maiti huenda kwa daktari, na habari zote hutoka kwake. Lakini pwani tunajua kwamba kuna watu wengine wanaoiona maiti yote, kuanzia utosini hadi unyayoni, upande wa kulia kisha wa kushoto, kwa taratibu. Daktari hutafuta sababu ya kifo, na akishaipata huacha. Mwoshaji hatafuti chochote, na kwa hiyo harukii chochote.

Fuata taratibu zenyewe kwa uaminifu. Mwanamume huoshwa na wanaume, mwanamke na wanawake, ingawa mume na mke wanaweza kuoshana. Utupu hufunikwa muda wote. Viungo hulainishwa. Tumbo hukamuliwa kwa upole. Viungo vya udhu hutangulizwa, kisha kulia, kisha kushoto, kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili. Majani ya mkunazi hutiwa kwenye maji ya mwanzo na kafuri kwenye ya mwisho. Halafu sanda.

Sasa yafanye hayo yote bila uzito, na kwa maji ya kupimwa. Kwenye Kituo cha Kimataifa, kufikia mwaka 2023 mitambo iliweza kurejesha asilimia 98 ya maji, hata ya mkojo na jasho. Lakini maji aliyooshewa mtu maiti, nani atakubali yarudishwe kwenye tangi la kunywa? Swali hilo peke yake ni sura nzima. Wapo watakaosema mtambo unasafisha kila kitu. Wapo watakaokataa kunywa. Na Ustadh Athman, ambaye ndiye msimamizi wa maji, atalazimika kutoa hukumu mbili, ya fundi na ya mwanachuoni. Anaweza hata kufikiria kutayamamisha maiti, yaani kuitwaharisha kwa udongo badala ya maji, aende kumwomba Padri Kazungu udongo safi wa bustanini, na Padri amjazie mfuko bila kuuliza.

Mimi ningemfanya achague maji, kwa vitambaa vilivyoloweshwa. Hivi:

*Ustadh Athman aliukunjua mkono wa kulia wa maiti kidole kimoja kimoja. Ulikuwa umekaza. Alikanda kifundo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu hadi kiganja kikaachia, na maji yakatambaa juu ya ngozi, yakajaza mistari ya kiganja, yakabaki pale. Alipofika kwenye kucha, akasita. Chini ya ukucha wa kidole cha shahada palikuwa na kitu cha kijivu. Akakichokoa kwa ncha ya kijiti. Kilivutika.*

*"Maalim," kijana aliyekuwa akimsaidia akanong'ona, "hiyo si gundi ya kuzibia nyufa?"*

*"Nipe kitambaa kingine, mwanangu."*

*"Lakini Maalim, Fundi Shebe hakuwa kwenye kazi ya gundi. Yeye alikuwa..."*

*"Bado upande wa kushoto. Nipe kitambaa."*

Tazama alichofanya. Ameona, kijana naye ameona, na bado amemaliza kazi. Mwoshaji ambaye angeruka kupiga kelele angeacha maiti nusu. Kwa msomaji wetu, kumaliza huko kunathibitisha kwamba huyu ni ustadh wa kweli kuliko aya kumi za kumsifu.

Lakini fumbo lenyewe linakuja baadaye, usiku. Mwoshaji ameamrishwa kusitiri anayoyaona kwenye maiti. Je, gundi chini ya kucha ni aibu ya maiti inayopaswa kufichwa, au ni haki ya maiti inayopaswa kudaiwa? Usimpe Ustadh jibu la haraka. Mpe vitabu alivyobeba. Mkumbushe mwalimu wake wa madrasa. Akifika asubuhi na uamuzi kwamba kusitiri ni kwa ajili ya heshima ya maiti na si kwa ajili ya kumlinda aliyemuua, uamuzi huo uwe umemgharimu usingizi.

Kuhusu maziko, mabaharia wameshatutangulia. Wanachuoni waliwaeleza wasafiri wa majini cha kufanya nchi kavu ikiwa mbali: maiti huoshwa, hukafiniwa (huvishwa sanda), husaliwa, kisha huteremshwa baharini. Mwongozo wa Malaysia nao ulisema maiti irudishwe duniani, na ikishindikana izikwe angani baada ya ibada fupi. Ndugu wa pwani watataka arudi. Nahodha atataka chumba cha baridi kiwe wazi. Na anayeshikilia sana kwamba maiti itolewe nje leo leo, mwandike jina pembeni.

Hatua ya tano: mfunge mdomo padri wako, na usimfungue

Siku ya tatu, mwenye hatia anakwenda kwa Padri Kazungu kuungama. Anasema yote.

Jifunze sheria hii vizuri kabla ya kuandika hata neno moja, kwa sababu wengi huivunja wakidhani wanaitumia. Padri Mkatoliki haruhusiwi kufichua alichoambiwa kwenye kitubio kwa neno, kwa ishara, wala kwa njia nyingine yoyote. Akifanya hivyo moja kwa moja, anatengwa na Kanisa kwa tendo lenyewe, bila kusubiri hukumu. Wala haishii hapo. Haruhusiwi pia kuitumia habari hiyo kwa namna itakayomdhuru aliyeungama, hata kama hakuna atakayejua habari ilitoka wapi. Anaweza kumsihi ajitokeze. Hawezi kumwambia: sitakuondolea dhambi mpaka ujisalimishe kwa polisi.

Fikiria maana yake kwenye kituo cha watu arubaini. Padri hawezi kuanza kufunga mlango wake usiku. Hawezi kuacha kukaa meza moja na mtu yule. Hawezi kumwambia Ustadh, "Mimi nisingeharakisha kuamini kwamba feni iliharibika." Hata kunyamaza kwa namna mpya ni ishara. Kama alikuwa akicheza bao na mtu yule kila Jumanne, lazima Jumanne hii acheze, atie kete, na acheke panapochekesha.

Waandishi wengi humfanya mpelelezi asome siri usoni mwa padri. Usifanye hivyo. Ni kumdhulumu. Padri Kazungu awe hodari kiasi kwamba Ustadh Athman, rafiki yake wa miaka mingi, asione chochote. Badala yake hadithi imtese kwa upande mwingine: anajua kila kitu, anamwona rafiki yake akihangaika na gundi na lita za maji, na kila siku anampelekea mboga na kumwuliza hali.

"Ustadh, umelala kweli wewe?"

"Nimelala, Padri. Na wewe?"

"Namshukuru Mungu."

Huo ndio urefu wa mazungumzo yao. Msomaji, ambaye umemwonyesha sura ya kitubio bila kumtajia jina la aliyeungama, atayasoma maneno hayo machache na kuumia.

Chagua dhehebu kwa makini. Siri hii kwa ukali wake wote ni ya Wakatoliki. Waorthodoksi na Waanglikana wana taratibu zao, na mchungaji wa kanisa la kiroho la Bamburi au Kisauni huenda asiwe na kitubio cha namna hiyo kabisa. Uislamu nao hauna kuungama kwa mwanadamu. Ukimwandika mtu anakwenda kwa imamu "kuungama" na kusamehewa, umeiharibu hadithi kwa kila msomaji wa Mji wa Kale.

Hatua ya sita: tafuta sababu ya kuua inayotoka nyumbani

Hadithi nyingi za anga huua watu kwa ajili ya madini au siri za kampuni. Hiyo ni sababu ya mtu yeyote, popote. Tafuta ile ambayo ustadh ndiye wa kwanza kuielewa. Napendekeza mirathi.

Babake Shebe yuko mahututi Mombasa. Ana nyumba ya ghorofa Mji wa Kale na watoto wawili wa kiume: Shebe, mwenye watoto, na ndugu yake. Kwa fikihi, yaani sheria ya dini, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, Shebe akifa kabla ya babake, watoto wake hawamrithi babu yao maadamu ami yao yu hai. Shebe akifa baada ya babake, hata kwa dakika moja, fungu lake limeshakuwa lake na linapita kwa warithi wake. Na kama haijulikani nani alitangulia, hawarithiani kabisa, kwa hiyo watoto wa Shebe wanakosa pia.

Sasa rudi kwenye zile dakika za redio. Karibu na kipindi cha ukimya Mirihi iko upande wa pili wa jua, kwa hiyo habari huchukua kama dakika 21. Kituo kinatumia saa ya Afrika Mashariki. Mzee anafariki Mombasa saa nane na dakika ishirini mchana. Shebe anafariki saa nane na nusu. Habari ya mzee inafika kituoni saa nane na dakika arubaini na moja. Yaani muuaji, aliyeahidiwa na nduguye Shebe sehemu ya nyumba, alikuwa akikimbizana na kifo ambacho kilikuwa kimeshatokea. Alichelewa kwa dakika kumi, na hakuwa na njia ya kujua hadi dakika kumi na moja baada ya Shebe kukata roho.

Kwa hiyo anafanya nini? Mwandishi mwepesi angemfanya abadilishe saa kwenye kumbukumbu. Lakini haina haja. Yamtosha kuifuta. Ikishakosekana saa ya kifo, kadhi hatakuwa na la kufanya ila kusema haijulikani. Hapo Ustadh Athman ndiye mtu pekee kituoni atakayejiuliza nani anafaidika na kutojua. Nahodha anaona kumbukumbu iliyoharibika. Ustadh anaona mirathi.

Atairudisha vipi ile saa? Kwa nusu mbili tulizopanda mwanzoni. Mitambo hukusanya unyevu wa pumzi za watu na kuurudisha kwenye maji, na Ustadh anapima kila tone. Kijumba cha Shebe kiliacha kutoa unyevu saa fulani, kilipozibwa. Na daftari la bustani lina vipimo vya hewa vya siku nzima, likiwa na mwandiko wa Padri, limeandikwa kabla ya kitubio chochote na kuanikwa bustanini wazi. Ustadh analisoma mwenyewe. Padri hasemi neno, wala hamsogezei.

Habari hizi zote mpe msomaji mapema, waziwazi, na tarakimu zake. Saa za pande zote mbili ziwe kwenye kurasa za mwanzo, barua ya msiba isomwe mbele ya wote. Watu wa Mombasa wanazijua hoja za kuonekana na kufikiwa na habari. Kila Ramadhani tunabishana kama mwezi umeonekana hapa au tumepokea tangazo la kwingine. Msomaji anayejua tofauti ya jambo kutokea na habari zake kufika anaweza kumtangulia Ustadh, na akimtangulia atafurahi.

Kuna hila moja nakukataza: saa ya Kiswahili na saa ya mitambo. Shahidi anasema saa nne, mtambo unaonyesha 04:00, na fumbo zima limejengwa hapo. Msomaji wetu ataligundua kabla hajageuza ukurasa.

Hatua ya saba: sheria, kwa ufupi

Kadhi hahukumu mauaji. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mambo ya hadhi ya kibinafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Mauaji ni ya Mahakama Kuu. Kwa hiyo una kesi mbili kutokana na kifo kimoja, na ushahidi ule ule wa saa ya kifo utatumika kote. Kuhusu angani, mkataba wa mwaka 1967 unaipa nchi iliyosajili chombo mamlaka juu yake na waliomo. Amua kituo chako kimesajiliwa wapi, kiandike kwenye sentensi moja, kisha endelea. Nahodha anaweza kumzuia mshukiwa. Kuhukumu kusubiri ardhi.

Hatua ya nane: wasomee wenye kazi

Kabla hujaituma popote, tafuta mtu anayeosha maiti msikitini kwenu. Nenda baada ya alasiri, si siku ya msiba, na umwambie mapema unachotaka kumsomea. Msomee sura ya kuosha tu, kwa sauti, na usimkatize. Waoshaji ni watu wa maneno machache; akisema "hapo sivyo", mwulize mikono yake ingekuwa wapi wakati ule, akuonyeshe. Sura ya kitubio mpelekee padri. Usimwulize alishaambiwa nini na watu, hatakujibu na ni kumkosea adabu. Mwulize siku ya pili angemsalimiaje mtu yule. Mambo ya mirathi muulize anayefundisha ilimu hiyo, ukiwa na karatasi yenye majina ya warithi wote na nani kafa saa ngapi, maana swali la kwanza atakalokuuliza ni kama mjane yupo, na kama mama wa marehemu yu hai.

Ukitoka kwao, anza kusahihisha na mikono ya mwoshaji. Kila ulichobadilisha pale kitakulazimisha urudi kwenye gundi, na ukishagusa gundi, hakikisha bado saa zinakubaliana.